Saba na Tisa

Nyumba ya Bi Thirza Garrod imeinama kidogo kuelekea bwawa la bata,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa
akageuza shingo tu, mwili ukabaki.

Benki ilimleta mpimaji mwenye viatu safi.
Akaweka gololi sakafuni, chumba cha juu.
Gololi ikaondoka bila kuaga,
ikapita chini ya kitanda kilichopandishwa matofali miguu miwili,
ikagonga ukuta wa mashariki: tak.
Akaandika, imepinda. Akaandika, hatari.
Bi Thirza akamwambia, "Mume wangu alilala humo miaka arobaini
hakuanguka hata siku moja,
na yule alikuwa mlevi."

Ndipo nikaitwa mimi, Sallis, seremala,
na Ewart mwanafunzi wangu, na mifuko sita ya chokaa.

Suffolk hii ni udongo mtupu, mawe ya kujengea hakuna.
Basi waliojenga walikwenda msituni.
Mwaloni waliukata mbichi, ungali na maji,
wakauchonga kwa tezo kabla haujajua kuwa umekufa.
Ukakaukia kazini. Ukajinyonga, ukavutana,
matundu yakazing'ata ndimi,
na kadiri ulivyokauka ndivyo ulivyokaza.
Msumari wa chuma humu hamna. Nimetafuta.

Tulibomoa kiambaza kilichooza, upande wa kaskazini.
Fito za mwerebi, udongo, mavi ya ng'ombe, nywele za farasi.
Ewart akavuta unywele mmoja, mrefu, mwekundu,
akaushika kwenye mwanga wa dirisha asiseme kitu.
Ndani ya udongo, vidole vitano vidogo:
mtoto aliyeambiwa akandike,
hakuambiwa asicheze.

Nikapanda juu.
Makombamoyo meusi kama kitako cha sufuria,
maana dohani ilikuja baadaye, vizazi baadaye;
kwanza moshi ulijitafutia njia wenyewe
na watu chini wakikohoa, wakila, wakizaana.
Nikafuata mtambaapanya kwa tochi
(na panya kweli walitambaa)
hadi pembe ile inayoinama.

Pale niliona.

Kila kiungo kina alama ya patasi, tarakimu za Kirumi,
kwa sababu nyumba hii iliungwa kwanza imelala, uwanjani kwa fundi,
ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye mkokoteni,
ikasimamishwa hapa kwa kuhesabu.
Nguzo ya saba na mkono wake wa saba.
Nguzo ya nane na wa nane.
Lakini hapa kwenye pembe, nguzo imeandikwa tisa,
na mkono unaoishika, saba.
Na kule kwenye saba, bila shaka, tisa.

Nilikaa juu ya boriti nikacheka peke yangu.
Jioni ilikuwa imeingia? Mvua ilitisha? Walikuwa wamekunywa?
Mtu mmoja alisema, "Lete ule," mwingine akaleta huu,
wakaugonga kwa nyundo ya mti mpaka ukakubali,
na nyumba ikaegemea bwawa tangu siku ile.
Miaka mia nne na ushee. Bata hawajalalamika.

Mkono wa pembeni ulikuwa umeliwa na bungua, unga mtupu.
Ewart akauliza: tuchonge wa sawasawa?
Angalia, bosi, tunaweza kuinyoosha.
Nikafikiria dari, dohani, ngazi, milango,
vyote vimejifunza kuishi na kosa hilo;
ukiliondoa leo utavunja kila kioo.

Tukachonga mpya kwa kipimo cha kosa.
Mwaloni mbichi. Maji yalinirukia usoni.
Nikaandika saba kwa patasi,
na kando yake, ndogo, alama yangu,
ili atakayekuja ajue kwamba wa pili alifanya kusudi.

Siku ya mwisho Ewart alipanda juu na gololi.
Bi Thirza alikuwa jikoni, mikono ndani ya povu.
Tukaisikia ikibingirika juu ya vichwa vyetu, polepole, kisha mbio,
chini ya kitanda,
tak.

"Haya," akasema, akaendelea na vikombe.